Uhuru Iliyopaa Kutoka Ngomeni

Ukitoka Malindi kwa barabara ya Lamu, ukapita mashamba ya chumvi ya Gongoni kisha ukashika njia ya baharini, utafika Ngomeni, kijiji cha wavuvi kilichozungukwa na mikoko kwenye Ghuba ya Ungwana. Tazama baharini. Mbali kidogo na ufuo kuna majukwaa ya chuma yaliyosimama kwa miguu yao ndani ya maji, yakiliwa na chumvi kwa zaidi ya miaka 50. Mgeni akiyaona hudhani kuna watu walikuja kuchimba mafuta wakayakosa. Kumbe kazi ya majukwaa yale haikuwa kuchimba chini, ilikuwa kurusha juu.

Jumamosi ya tarehe 12 Desemba 1970, ilipokaribia saa nane mchana, roketi aina ya Scout iliwashwa hapo ikapaa juu ya Bahari ya Hindi. Kenya ilikuwa kwenye sikukuu, ikitimiza miaka saba tangu bendera ya Mwingereza ishushwe. Katika ncha ya roketi mlikuwa na chombo cha kilo 142 hivi, uzito wa gunia moja na nusu la mahindi. Kwenye makaratasi ya NASA, shirika la anga la Marekani, chombo hicho kiliitwa SAS-A. Dunia ilikuja kukijua kwa jina jingine: Uhuru.

Miaka 32 baadaye, mwanasayansi aliyeongoza kazi ya kukitia macho chombo hicho alisimama Stockholm kupokea Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Jina lake ni Riccardo Giacconi. Safari yake ilianza na kitu kidogo sana: wazo lililodokezwa katika karamu.

Ukuta juu ya vichwa vyetu

Wengi wetu tunaifahamu eksirei kwa kusimama kifua wazi mbele ya mashine hospitalini huku tukiambiwa tubane pumzi. Mionzi hiyo iligunduliwa na Mjerumani Wilhelm Röntgen mnamo Novemba 1895, na Tuzo ya Nobel ya Fizikia ilipoanza kutolewa mwaka 1901, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuipokea. Tangu hapo eksirei ikawa ya madaktari na ya maabara. Wanaotazama nyota hawakuwa na haja nayo, na sababu yao ilikuwa nzuri.

Eksirei hupenya nyama ikakwama kwenye mfupa. Hewa nayo huonekana nyepesi, lakini ile iliyorundikana juu ya vichwa vyetu hadi mwisho wa angahewa ina uzito sawa na maji yenye kina cha mita 10. Eksirei yoyote inayotoka kwenye nyota hufia humo kabla ya kutufikia. Ni salama kwetu, maana bila ngao hiyo uhai ungekuwa mashakani. Lakini kwa mwenye kutaka kujua, angahewa ni ukuta, na njia ni moja tu: kupanda juu yake.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wamarekani walikuwa na roketi za V-2 walizozinyakua kwa Wajerumani. Mwaka 1949 Herbert Friedman na wenzake walizitumia kupandisha vifaa vya kupimia mionzi, wakathibitisha kuwa jua hutoa eksirei. Hata hivyo ilikuwa chache mno, kama sehemu moja ya milioni ukilinganisha na mwanga wake wa kawaida. Hesabu iliyofuata ilikatisha tamaa. Kama jua letu, lililo karibu hivi, hutoa kiasi hicho, nyota nyingine zilizo mbali zingetuletea nini? Vifaa vya wakati ule visingeweza kuona chochote. Wanasayansi wengi wakaona hakuna cha kutafuta huko.

Karamu nyumbani kwa Rossi

Bruno Rossi hakuona hivyo. Alizaliwa Venice, akawa bingwa wa fizikia ya miale ya anga, kisha mwaka 1938 akaikimbia Italia sheria za ubaguzi za Mussolini zilipowaangukia Wayahudi. Kufikia mwaka 1959 alikuwa profesa wa chuo kikuu cha MIT huko Marekani na mwenyekiti wa bodi ya kampuni ndogo iitwayo American Science and Engineering. Kampuni hiyo ilikuwa imetoka kumwajiri kijana Mwitalia aliyekaribia miaka 28. Huyo ndiye Giacconi, mzaliwa wa Genoa aliyelelewa Milan, mtoto wa mwalimu wa hisabati na fizikia.

Katika karamu nyumbani kwake, Rossi alimdokezea kijana huyo wazo: kwa nini usitazame anga kwa eksirei? Hakuwa na ushahidi kuwa kuna kitu. Alichokuwa nacho ni imani ya mzee wa maabara, kwamba kila mara binadamu anapopata njia mpya ya kutazama, maumbile humwonyesha asichokitarajia.

Giacconi alisoma maandishi yaliyokuwepo, na hayakumchukua muda mrefu. Kisha akajiuliza swali la fundi: darubini ya eksirei itatengenezwaje? Kioo cha kawaida hakifai, kwani eksirei ikikipiga uso kwa uso hupenya au humezwa. Lakini mtoto yeyote wa pwani anajua kuwa kijiwe bapa ukikirusha wima majini huzama, na ukikirusha kwa kulaza mkono huruka juu ya maji mara tatu, mara nne. Eksirei nayo ni hivyo. Ikija kwa mshazari mwembamba kabisa juu ya uso laini wa metali, huteleza ikageuza njia. Ukipanga vioo vyenye umbo la bomba, mionzi yote itateleza na kukutana mahali pamoja. Mjerumani Hans Wolter alikuwa ameshachora vioo vya namna hiyo kwa ajili ya hadubini. Mwaka 1960 Giacconi na Rossi wakaandika jinsi vinavyoweza kutazama nyota.

Darubini hiyo ingechukua miaka mingi kujengwa. Kwa wakati ule ilibidi watumie kilichopo, na fedha zilipatikana kwa Jeshi la Anga la Marekani kwa sababu yenye kueleweka zaidi: kuchunguza iwapo mwezi, ukipigwa na mionzi ya jua, nao hutoa eksirei. Mbio za kwenda mwezini zilikuwa zimepamba moto, na habari yoyote ya mwezi ilikuwa na mnunuzi.

Dakika sita za Juni 1962

Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Oktoba 1961 roketi yao ilipanda vizuri, lakini vifuniko vilivyotakiwa kufunguka ili vifaa vione anga viligoma. Ikarudi chini mikono mitupu.

Ilipokaribia usiku wa manane, tarehe 18 Juni 1962, walijaribu tena kwenye jangwa la White Sands, jimbo la New Mexico. Roketi ya Aerobee ilibeba vihesabio vitatu vya Geiger, vyenye uwezo wa kunasa mionzi mara 50 hadi 100 zaidi ya vilivyotangulia. Ilipanda hadi kilomita 225, ikizunguka kama pia mara mbili kila sekunde, ili vihesabio vifagie anga pande zote. Muda waliokuwa juu ya ukuta wa hewa ulikuwa sekunde 350, dakika zisizotimia sita. Kihesabio kimoja kikaharibika. Viwili vikafanya kazi.

Hebu fikiria walichokiona kwenye karatasi. Kila roketi ilipozunguka, mstari ulipanda mlima mmoja mkubwa, ukashuka, ukapanda tena palepale. Mwezi ulikuwa juu, umetoka kutimia siku iliyotangulia, lakini mlima haukuwa upande wa mwezi. Ulikuwa kusini, upande wa kundinyota la Akarabu, lile ambalo wengi huliita Nge. Na hata pale ambapo hapakuwa na mlima, mstari haukushuka hadi sifuri. Kulikuwa na mng'ao hafifu uliotandaa anga nzima.

Giacconi, Herbert Gursky, Frank Paolini na Rossi hawakukimbilia kutangaza. Walikaa na takwimu zao kwa miezi, wakiulizana kama ni hitilafu ya kifaa, chembe za umeme zinazozunguka dunia au kitu kingine cha karibu. Makala yao ilitoka Desemba mwaka huohuo. Walichokipata kikaitwa Scorpius X-1, chanzo cha kwanza cha eksirei kuonekana nje ya mfumo wa jua. Miaka minne baadaye darubini za kawaida ziliitambua nyota yenyewe, nayo ilikuwa kinyume kabisa cha jua letu: eksirei yake ilizidi mwanga wake kwa mara elfu moja hivi. Hesabu iliyokatisha watu tamaa haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba nyota zote ni ndugu za jua.

Kwa nini Ngomeni

Roketi zikaendelea kurushwa, kila moja ikichungulia dakika tano ikaanguka. Ni sawa na kuijua Mombasa kwa kufunguliwa dirisha mara moja kwa mwaka. Septemba 1963 Giacconi aliwasilisha kwa NASA mpango wa miaka mingi, na ndani yake mlikuwa na setilaiti ya kukaa juu na kuifagia anga yote kwa utulivu, na mwishoni darubini kubwa ya vioo.

Setilaiti hiyo ilihitaji mahali maalumu pa kurushiwa. Dunia imezungukwa na mikanda ya chembe zenye umeme, ambazo zikigonga kihesabio humdanganya mpimaji kuwa ameona eksirei. Njia ya kuikwepa mikanda hiyo ni kuzunguka chini chini, juu ya mstari wa ikweta. Na kurusha kutoka ikweta kuna zawadi yake, kwa kuwa hapo dunia yenyewe inazunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki, nayo roketi hupewa msukumo huo bure. Marekani haina ardhi kwenye ikweta.

Italia nayo haina, lakini Luigi Broglio, profesa wa uhandisi wa ndege huko Roma, alikuwa ameshalifikiria hilo. Kwa makubaliano na Kenya alileta majukwaa mawili kwenye maji ya Ngomeni, nyuzi kama tatu tu kusini mwa ikweta. Santa Rita, lililotokana na jukwaa la mafuta, lilikuwa la kuongozea. San Marco lilikuwa la kurushia. Baina ya majukwaa hayo nyaya zilipita majini. Baharini hakuna mji wa kuangukiwa na vipande vya roketi, na upande wa mashariki ni maji matupu kwa maelfu ya kilomita. Aprili 1967 Waitalia walirusha kutoka hapo setilaiti yao, San Marco 2.

Basi NASA ikabisha hodi. Chombo kilichotengenezwa Marekani kikasafirishwa hadi pwani ya Kenya ili kirushwe na mafundi wa Kiitalia. Hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kwa setilaiti ya Marekani kurushwa na watu wa taifa jingine.

Msimamizi wa mradi upande wa NASA alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, mhandisi wa kwanza wa kike kuhitimu chuo kikuu cha George Washington, mwaka 1951. Yeye ndiye aliyeona kuwa siku ya kurusha imeangukia siku ya uhuru wa wenyeji wao, akaamua chombo kiitwe kwa neno la Kiswahili. Lilikuwa jina la shukrani. Lilikuwa pia jina la kweli, maana kwa mara ya kwanza eksirei ya nyota ilikuwa imepata mtazamaji aliyefunguliwa kutoka kifungo cha dakika tano.

Mapigo ya sekunde tano

Uhuru haikuwa na darubini. Ilikuwa na vihesabio viwili vilivyopeana mgongo, kila kimoja kikichungulia kupitia vijidirisha vya metali vilivyokibana kisione pembeni. Ilijizungusha polepole, duru moja kwa dakika 12 hivi, na kuizunguka dunia kila baada ya dakika 96. Hivyo tu. Lakini ilifanya hivyo mchana na usiku kwa zaidi ya miaka miwili.

Mwaka 1971 timu ya Giacconi, wakiwemo Ethan Schreier na Harvey Tananbaum, iliona jambo kwenye chanzo kiitwacho Centaurus X-3. Eksirei yake ilikuwa ikidunda kama moyo, pigo moja kila sekunde 4.84. Walipoyafuata mapigo hayo siku baada ya siku wakagundua kuwa kwa muda huja upesi kidogo, kisha huchelewa kidogo, kisha huja upesi tena. Ukisimama kando ya barabara utasikia honi ya matatu ikiwa nyembamba inapokujia na nene inapokuacha. Mapigo yale yalikuwa yakisema hilohilo: anayedunda anakuja kwetu, anatuacha, anarudi. Anazunguka kitu. Na kila baada ya siku 2.1 mapigo yalizimika kwa karibu nusu siku, kwa sababu kitu hicho kilimkinga.

Picha ikakamilika. Kulikuwa na nyota mbili zinazozungukana. Moja ni kubwa ya kawaida. Nyingine ni nyota ya nyutroni, maiti ya nyota iliyolipuka, yenye uzito kupita jua zima lakini kipenyo chake ni kilomita 20 hivi, karibu kama umbali kutoka Malindi hadi Watamu. Ndogo inamfyonza mwenzake. Gesi ikivutwa huanguka kwa kasi ya kutisha, husuguana, na kupata joto la mamilioni ya nyuzi. Joto la namna hiyo haling'ai mwanga wa kuonekana, hung'aa eksirei. Lililowasadikisha wengi ni kwamba mapigo ya nyota za namna hiyo, miaka ikipita, yalielekea kuongeza kasi. Kinachotumia akiba yake hupunguza mwendo. Hizi zilikuwa zinalishwa.

Cygnus X-1, kwenye kundinyota la Dajaja, iliwapa kazi ngumu zaidi. Haikuwa na mapigo ya mpangilio. Iliwakawaka ovyo, ikibadilika kwa muda usiofika sekunde, na kitu kinachobadilika haraka namna hiyo lazima kiwe kidogo. Ilipofahamika mahali ilipo hasa, Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton huko Toronto, walipima nyota kubwa ya buluu iliyokuwepo hapo, wakaikuta ikizungushwa kila siku 5.6 na mwenzi asiyeonekana. Mwenzi huyo alikuwa mzito kuliko nyota yoyote ya nyutroni inavyoweza kuwa. Jina lililobaki ni moja: shimo jeusi, lenye mvutano usioachia hata mwanga.

Hadi hapo mashimo meusi yalikuwa hesabu za kwenye karatasi. Mwaka 1974 mwanafizikia Stephen Hawking aliwekeana dau na mwenzake Kip Thorne, yeye akishikilia kuwa Cygnus X-1 si shimo jeusi, ili akikosea katika nadharia yake kuhusu mashimo hayo apate angalau faraja ya kushinda dau. Mwaka 1990 alikubali kuwa ameshindwa.

Uhuru ilinyamaza Machi 1973. Ikaendelea kuzunguka ikiwa bubu hadi Aprili 1979, ilipoingia angahewa na kuungua. Ukuta uleule iliouruka ndio uliokuwa kaburi lake.

Tuzo na wasiokuwepo

Darubini ya vioo aliyoiandika Giacconi mwaka 1960 ilipaa Novemba 1978 kwa jina la Einstein. Mrithi wake, Chandra, ilipelekwa juu Julai 1999, miaka 23 baada ya Giacconi na Tananbaum kuiomba. Ule mng'ao hafifu wa mwaka 1962 uliotandaa anga nzima Chandra iliukazia macho kwa sekunde milioni moja, zaidi ya siku 11. Ukapasuka ukawa nukta nukta, nyingi zikiwa mashimo meusi makubwa mno katika vitovu vya galaksi za mbali. Kwa hesabu ya Giacconi mwenyewe, tangu vile vihesabio viwili vya White Sands hadi Chandra uwezo wa kuona ulikua mara bilioni 10.

Tarehe 10 Desemba 2002 alipokea nusu ya Tuzo ya Nobel. Nusu nyingine waligawana Raymond Davis na Masatoshi Koshiba, walionasa chembe ziitwazo nyutrino kutoka jua na kutoka nyota iliyolipuka. Rossi, aliyetoa wazo, alikuwa amefariki mwaka 1993. Friedman, aliyetangulia na jua, alifariki mwaka 2000. Hao wawili na Giacconi walikuwa wameshapewa pamoja Tuzo ya Wolf mwaka 1987, lakini Nobel haipewi marehemu. Broglio alifariki mwaka 2001. Giacconi alifuata Desemba 2018, akiwa na miaka 87.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Tuzo huandikwa jina la mtu, na huyu aliistahili, kwa sababu alivumilia miaka 40 ambayo wengi wasingeivumilia. Lakini ugunduzi huu ulipita mikononi mwa mkimbizi aliyetoa wazo katika karamu, mhandisi mwanamke aliyesimamia chombo, profesa aliyeleta majukwaa baharini, na nchi changa iliyotoa ikweta yake. Kutoka Ngomeni zilirushwa setilaiti tisa kwa jumla, ya mwisho Machi 1988. Mitambo ya ufukweni bado inapokea habari za vyombo vilivyoko juu, na kituo kinaitwa kwa jina la Broglio.

Mwalimu wa fizikia anayesoma haya, wa Kilifi au wa Kigoma, ana la kuwaambia wanafunzi wake wanaodhani sayansi hii haina neno la kwao. Orodha ya mwisho ya vyanzo vilivyoonwa na setilaiti ile ilichapishwa mwaka 1978 ikiwa na vyanzo 339, na hadi leo wanaastronomia wa Tokyo, Cambridge na Santiago huviandika kwa majina ya orodha hiyo. Kimoja huitwa 4U 1820-30. Tarakimu 1820 na 30 zinaonyesha kilipo angani. Nne maana yake ni toleo la nne. U ni Uhuru.